Vitamini haziponyi kisukari

Wapo wanaoacha metformin, dawa ya kushusha sukari mwilini, wakiamini vidonge vya vitamini vitawaponya kisukari. Inaniuma kila ninaposikia. Hakuna vitamini inayochukua nafasi ya dawa hiyo, sembuse insulini. Ukiacha dawa, sukari hupanda.

Vitamini ya kuangaliwa hasa ni B12, na sababu yake wengi hawaambiwi: metformin ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza B12. Upungufu wake huleta ganzi na miguu kuwaka moto, sawa kabisa na dalili za neva zilizoharibiwa na sukari, hivyo ni rahisi kuzichanganya. Ukihisi hivyo, mwombe daktari akupime damu. B12 imo kwenye maini, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha, pamoja na uzuri wake wote, hauna.