Wikendi ya majira ya joto Charleston: yanayosemwa na yaliyopo

Kila ikikaribia Juni, jamaa zetu waliotawanyika Charlotte, Atlanta na Raleigh huanza kuniuliza habari za Charleston. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mji ule wa bandari, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1670 katika pwani ya South Carolina, niliupenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ukishuka garini pua inakutana na chumvi na tope la maji yaliyokupwa. Lakini nikiwasikiliza watu wanavyopanga safari, naona siku zao mbili zinaliwa na mambo ya kusikia tu. Nitaanza na lile linalotuhusu sisi watu wa pwani.

"Joto tumelizoea, hilo halitusumbui"

Julai mchana hufika nyuzi 32 au 33, na unyevunyevu wake ni wa Mombasa mwezi Machi. Kwa hiyo ni kweli, joto lenyewe si geni. Ila kwetu mtu mzima hatembei kilomita nane juani saa saba mchana. Huko, akiwa mgeni, hufanya hivyo hasa, na watoto kawashika mkono. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na robo asubuhi na huchwa karibu saa mbili na nusu usiku. Siku ni ndefu mno, basi igawe: toka mapema, jifiche ndani ya majumba ya makumbusho kuanzia saa tano, rudi barabarani saa kumi na moja jioni. Alasiri nyingi hupiga radi na mvua ya ghafla, kisha hewa hupoa kidogo.

"Mafuriko huja na kimbunga tu"

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari zaidi ni Agosti na Septemba. Hugo, kilichouvunjavunja mji huo, kilipiga Septemba 1989. Chukua chumba ambacho unaweza kufuta nafasi yake bila kupoteza pesa, umemaliza.

Jambo ambalo wageni hawaulizi ni bamvua, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida. Mji wa kale umekaa kwenye rasi nyembamba kati ya mito Ashley na Cooper, na sehemu kubwa yake ilikuwa vijito na mabwawa ya chumvi yaliyofukiwa. Market Street, wanakopita watalii wote, ilikuwa kijito. Bamvua likija, hata kama mbingu ni safi, maji hupanda kupitia mitaro na kukaa barabarani, kwani ndiko kwao. Mvua ikinyesha wakati maji yamejaa, viatu na gari vimo hatarini. Kwa hiyo kabla ya kupanga Jumamosi yako, tazama ratiba ya kujaa na kupwa kama wavuvi wetu wanavyofanya. Hapo utajua saa ipi uwe upande upi wa mji.

"Zile nyumba za rangi zilipakwa ili mabaharia walevi wazijue kwao"

Waongozaji husimulia hili mbele ya Rainbow Row, safu ya nyumba 13 katika East Bay Street, na watu hucheka. Nyumba zenyewe ni za karne ya 18, lakini rangi zilianza mwaka 1931, pale Dorothy Porcher Legge aliponunua kadhaa zilizokuwa zimechakaa, akazipaka waridi. Majirani wakafuata.

Kuna na lile la nyumba nyembamba, zinazotazama barabara kwa ubavu, kwamba zilijengwa hivyo kukwepa kodi. Sivyo. Viwanja vyenyewe vilikuwa vyembamba na virefu, na nyumba yenye upana wa chumba kimoja hupitisha upepo moja kwa moja. Ile baraza ndefu ya ghorofa mbili huelekezwa kusini au magharibi ipate upepo wa bahari na kukinga kuta jua. Aliyekulia Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi.

"Watumwa waliuzwa pale City Market"

Hili nalisikia kila mara, hata kwa watu waliosoma, na ndilo ninaloliumia zaidi. City Market lilikuwa soko la nyama, samaki na mboga. Ukoo wa Pinckney ulitoa ardhi mwaka 1788 kwa sharti kwamba ibaki soko. Waafrika waliokuwa utumwani walikuwa wanunuzi na wauzaji pale, wengi wao wanawake wenye biashara ya mboga na samaki.

Watu waliuzwa kwingine. Kwa miaka mingi walinadiwa hadharani, barabarani, ubavuni mwa jengo la Old Exchange, mwisho wa Broad Street. Mwaka 1856 mji ulipiga marufuku minada ya nje, ikahamia ndani ya yadi za mitaa ya jirani. Jengo moja la minada hiyo, la mwaka 1859, bado limesimama Chalmers Street. Leo ni Old Slave Mart Museum. Ni dogo, saa moja inatosha, na ukitoka hutakuwa na hamu ya kuzungumza.

Kisha nenda Gadsden's Wharf. South Carolina ilifungua tena biashara ya watumwa kutoka Afrika mwishoni mwa 1803, na mpaka sheria ya Marekani ilipoifunga tarehe 1 Januari 1808 makumi ya maelfu ya watu walishushwa Charleston, wengi katika gati hiyo. Wengi walitoka Angola, Kongo, Senegambia na Sierra Leone, lakini meli chache za miaka hiyo ya mwisho zilitoka Msumbiji, bahari yetu hii hii. Hapo ndipo ilipofunguliwa International African American Museum mwezi Juni 2023. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo 18 ili lisikalie ardhi ile. Kata tiketi mapema, kwa maana huingizwa kwa saa maalumu, na Jumatatu hufungwa. Bustani iliyo chini yake haina kiingilio. Sakafuni pana maumbo ya watu waliolazwa bega kwa bega kama walivyopangwa melini, na maji huwafunika na kuwafunua, kujaa na kupwa.

Anayesema "safari ya mapumziko si ya kuhuzunika" namheshimu, lakini simfuati. Mji huu, pamoja na uzuri wake wote unaopigwa picha, ulijengwa kwa mikono hiyo.

"Vikapu vile ni ghali, omba wapunguze"

Pale sokoni utawakuta akina mama wa Kigullah, wazao wa Waafrika wa visiwa vya pwani ile, wakisuka vikapu vya nyasi. Tafadhali usibishane nao bei kana kwamba ni vinyago vya kiwandani. Nyasi huzungushwa koja kwa koja na kushonwa kwa ukanda wa mnazi-mwitu, na kikapu cha kawaida huchukua siku kadhaa. Kifaa cha kwanza cha ufundi huo kilikuwa ungo. Naam, ungo wa kupepetea mpunga, maana utajiri wa Charleston ulikuwa mpunga, na waliojua kuulima walikuwa Waafrika. Na ukiwasikia wakizungumza wao kwa wao, usidhani ni Kiingereza kibovu. Kigullah ni lugha yenye sarufi yake. Tangu 1949 utafiti wa Lorenzo Dow Turner ulionyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika ndani yake.

"Chakula cha Kusini ni kuku wa kukaanga"

Ni wali, bamia, kunde, ufuta, kamba na kaa. Mboga yao ya majani, *collards*, ni jamaa ya damu ya sukuma wiki. Utajisikia nyumbani, ila uliza kabla ya kula, hasa kama wewe ni Mwislamu: mboga hizo na kunde mara nyingi huchemshwa na nyama ya nguruwe, na supu maarufu ya kaa jike hutiwa mvinyo. Wapishi hawachukii kuulizwa.

Gari si la lazima mjini. Basi la DASH ni la bure na maegesho ni ghali. Fort Sumter, ngome iliyopigwa mzinga wa kwanza wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani tarehe 12 Aprili 1861, iko kisiwani, huendi ila kwa boti. Tenga zaidi ya saa mbili.

"Jumamosi historia, Jumapili ufuo"

Ufuo haumo mjini, ni mwendo wa gari na foleni. Folly Beach ina barabara moja ya kuingilia, na Jumapili ya Julai utaijutia. Mimi huenda Sullivan's Island, mapema, kabla nafasi za kuegesha hazijaisha. Mchanga ni mpana, hoteli hakuna. Usiogelee Breach Inlet, mkondo wake umeua watu na imekatazwa.

Kisiwa hicho ndicho walikowekwa karantini Waafrika waliotoka melini kabla ya kuuzwa. Mwaka 1989 mwandishi Toni Morrison alisikitika kwamba hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya watu hao, hata benchi dogo kando ya barabara. Mwaka 2008 benchi jeusi la chuma liliwekwa karibu na ngome ya Fort Moultrie, likitazama maji na nyasi za bwawani. Mama yangu alipokuja kututembelea tulimpeleka pale tukiwa bado na mchanga miguuni. Alikaa, akavua viatu, akasoma Fatiha, kisha akaniuliza maji yanajaa au yanakupwa.