Mhusika wako naye anaamini uchawi

Miswada ya riwaya za kihistoria kuhusu watuhumiwa wa uchawi inanifikia hapa Mbeya mingi, na karibu kila mmoja una mama anayesimama mbele ya wazee, miaka ya 1930, na kutamka: "Uchawi haupo, huu ni ujinga wenu." Nimechoka kumfuta mama huyu.

Dhana kwamba asiye na hatia lazima awe haamini uchawi ndiyo inayoua riwaya hizi. Mtuhumiwa na waliomtuhumu waliamini kitu kilekile. Unyakyusa, ambako wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kati ya 1934 na 1938, mchawi alisemwa ana chatu tumboni, na uroho wa nyama na maziwa ndio uliomtoa usiku. Kijiji hichohicho kilikuwa na walinzi wake, waliosemwa huwaona wachawi ndotoni na kupambana nao kwa nguvu itokayo kwenye chatu vilevile. Utamu wa hadithi uko hapo! Mtu aliyesifiwa jana kwa kukilinda kijiji anaweza kesho kunong'onwa kuwa ndiye anayekila. Mwache mhusika wako alale macho akijiuliza kama naye ana chatu.

Halafu kuna mwavi, dawa ya sumu aliyokunywa mtuhumiwa ili kupima hatia yake. Waandishi wanauchora kama adhabu, mtu anashikwa na kunyweshwa huku akipiga mayowe. Ulikuwa kiapo. Akitapika amesafika, asipotapika amekutwa na hatia. Ndiyo maana aliyejiamini aliweza kuudai mwenyewe. Futa ile hotuba, andika: "Leteni mwavi ninywe, na aliyenitaja aje anitazame usoni." Sentensi hiyo ina woga, hasira na imani kwa pamoja. Hata baada ya wakoloni kuupiga marufuku, watu waliendelea kutafuta pa kusafisha jina: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wahehe walisafiri kutoka Iringa hadi Rumphi, kaskazini mwa Malawi ya leo, kwa mganga Chikanga.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka usikike: ukienda kwa mzee kufanya utafiti, usimuulize habari za wachawi. Muulize nani alihama kijiji, mwaka gani, na ng'ombe wake walibaki kwa nani. Kesi nzima utaipata humo.

Kwamba mtuhumiwa ni bibi kizee mjane mwenye macho mekundu: sura hiyo imebebwa kutoka Usukumani. Unyakyusa walitajwa wanaume pia, tena majirani wa rika moja, na wengi walihama tu wakaanza maisha kwingine.

Kwamba Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alinyonga wachawi: hapana. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilifanya hata kumtaja mwenzako kuwa mchawi kuwa kosa, kwa hiyo mganga mtafuta wachawi aliweza kuishia gerezani. Ila sheria hiyohiyo ilimpa DC uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali fulani, na sijaona bado mwandishi aliyeitumia nafasi hiyo.

Na wanaoazima moto wa kuchoma wachawi kutoka Salem, Marekani: katika kesi za uchawi za mwaka 1692 walinyongwa watu 19, mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe. Hakuna aliyechomwa.