Punguzo la maegesho kwa wakaazi: maana yake, na nani hasa ni mkaazi

Ami yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Kila asubuhi akitoa gari lake huacha kiti cha plastiki pale lilipokuwa. Ni kiti cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Hakuna sheria inayokipa nguvu, lakini majirani wanakiheshimu, na mgeni akikisogeza hapakosi mtu barazani wa kumwambia kwa upole, "Bwana, hapo pana mwenyewe."

Dai la kiti kile ni kwamba anayekaa mahali ana haki ya mahali pale kuliko anayepita. Miji mingi duniani imelichukua dai hilo hilo, ikaliandikia fomu na kulipangia bei, na bei hiyo ndiyo inayoitwa punguzo la maegesho kwa wakaazi.

Kwa ufupi: ni mpango ambapo serikali ya mji, au mwenye jengo la kuegeshea magari katikati ya mji, humtoza mkaazi wa eneo ada ndogo kuliko anayotozwa mtu mwingine kwa nafasi ile ile. Mkaazi hapewi bure, wala hatengewi kipembe chake. Anaingia mlango mmoja na wenzake, ila mashine ikisoma kadi yake au namba ya gari, bei inashuka.

Hapa pana neno la kuangalia. Ukimwambia mtu wa Mombasa gari lake lilale gereji, atakuuliza lina ubovu gani. Gereji kwetu ni kwa fundi, na tunachozungumzia hapa ni jengo la ghorofa au la chini ya ardhi ambalo kazi yake ni kupaki magari tu. Hata kuegesha ni neno la mabaharia. Jahazi limekuwa likiegeshwa Bandari ya Kale karne nyingi kabla ya gari la kwanza kushuka kisiwani.

Mpango huu pia una ndugu anayechanganywa naye mara kwa mara, nacho ni kibali cha mtaa. Kibali ni cha barabarani. Kinasema mtaa huu, saa hizi, ni wa magari ya wanaokaa hapa, na wengine wakae kando au walipe zaidi. Marekani kibali cha namna hiyo kilifikishwa mpaka Mahakama ya Juu mwaka 1977. Kaunti ya Arlington, Virginia, ilikuwa imewazuia watu wa kazini kuacha magari yao siku nzima katika mitaa ya makaazi. Wenye magari wakashtaki kwamba wanabaguliwa, na mahakama za Virginia zikawaunga mkono. Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi: kumpendelea mkaazi ili kupunguza kelele, moshi na msongamano mlangoni pake si ubaguzi unaokatazwa na katiba yao. Punguzo la kwenye jengo halimfukuzi mtu, linatofautisha bei tu, kwa hivyo halina ukali wa kibali.

Bei mbili kwa kitu kimoja si jambo geni kwetu. Simama kwenye dirisha la tiketi la Fort Jesus dakika kumi uone. Raia analipa kidogo, mkaazi wa Afrika Mashariki zaidi kidogo, mgeni wa ng'ambo zaidi ya wote, na wote wanaingia lango moja kutazama kuta zile zile alizoanza kuzijenga Mreno mwaka 1593. Hakuna anayegombana pale. Ugomvi huanza tu mtu anaposhindwa kuthibitisha kwamba yeye ni nani. Nitalirudia hilo.

Kwa nini mwenye jengo akubali kupokea kidogo? Sababu inayotajwa majukwaani ni huruma: wakaazi wanalipa kodi ya ardhi, wanavumilia honi na vumbi, basi nao waonje. Sababu ya kweli mara nyingi ni ya hesabu. Nafasi ya kupaki ni kama kiti cha matatu. Gari likishaondoka Mwembe Tayari na kiti kitupu, nauli ya kiti kile haitapatikana tena. Jengo lenye nafasi mia tatu hujaa kutwa, lakini ofisi zikifungwa na maduka ya Moi Avenue yakishusha milango, nafasi mia mbili na zaidi zinabaki zikilinda saruji. Mlinzi analipwa vilevile na taa zinawaka vilevile. Kumwambia mtu wa Kuze au Bondeni alaze gari humo kwa nusu bei ni kuuza kitu ambacho kingeharibika.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu nilizobuni mwenyewe. Ada ni shilingi 200, mkaazi analipa 100, na wakaazi 50 wamejiandikisha. Kati yao 20 walikuwa wakipaki humo tangu zamani kwa bei kamili. Kwa hao, jengo linapoteza shilingi 100 kila mmoja, jumla 2,000. Wale 30 waliobaki hawakuwa wakija kabisa, magari yao yalilala barabarani, kwa hivyo wanaleta 3,000 mpya. Jengo limepata 1,000 juu. Sasa geuza: 35 walikuwa wateja wa zamani na 15 ndio wapya. Hasara 3,500, faida 1,500. Punguzo ni lile lile, na jengo limeingia shimo la 2,000.

Mfano wa tatu ndio mbaya zaidi. Wakaazi wale wale 50 wa mfano wa kwanza waje saa nne asubuhi, jengo likiwa limejaa. Kila mmoja wa wale 30 wapya sasa anachukua nafasi ya mtu ambaye angelipa 200. Ile faida ya 3,000 imegeuka hasara ya 3,000, ukijumlisha na 2,000 za wateja wa zamani ni 5,000 kwa siku. Nani atazifidia? Ama ada ya wengine itapanda, ama kaunti itafidia kwa fedha ambazo zingeziba mashimo ya barabara. Ndiyo maana mipango iliyofikiriwa huweka punguzo saa za usiku na mwisho wa wiki, au hutoa saa moja ya kwanza bila malipo ili mtu akimbilie Markiti kununua viungo arudi zake. Punguzo la siku nzima katika jengo lililojaa mimi naliona ni zawadi ya wachache, na wachache wenye gari tayari. Wengi wetu hapa tunapanda matatu, tuktuk na boda.

Haya, turudi dirishani. Mkaazi ni nani?

Paris wanamjibu mtu kwa urahisi. Mkaazi anajiandikisha kwa anwani yake na kupata bei ya kwake mtaani mwake, mgeni analipa kwa saa. Tofauti hiyo wanaichukulia kwa uzito kiasi kwamba Oktoba 2024, walipowapandishia wageni wenye magari makubwa mazito mpaka euro 18 kwa saa katikati ya mji, wakaazi wa mtaa hawakuguswa. Lakini Paris kila nyumba ina namba na kila barua inafika.

Kibokoni? Ami anakaa nyumba ya babu yake ambayo haijagawiwa warithi, hati ina jina la marehemu. Mita ya stima ina jina la marehemu pia. Kitambulisho cha taifa hueleza ulikotoka kuliko unakokaa. Gari alilinunua kwa mtu wa Malindi na hakubadilisha umiliki, kwa hivyo logbuku bado inamtaja yule wa Malindi. Ukimpima ami kwa karatasi, hayupo. Ukiuliza barazani, hakuna mkaazi kuliko yeye. Mpangaji wa Ganjoni aliyehamia juzi kutoka Eldoret, mwenye mkataba wa nyumba uliopigwa mhuri, atapata kadi yake siku ile ile. Simlaumu, karatasi zake ziko sawa. Ila mpango ukitegemea karatasi pekee utawaacha nje hasa wale uliotungiwa. Dawa ya kienyeji ni barua ya chifu au ya mzee wa mtaa, na dawa hiyo nayo ina ugonjwa wake, maana barua hutolewa hata kwa binamu asiyekaa hapo.

Halafu kuna mpaka. Mkaazi wa wapi? Kaunti ya Mombasa ina maeneo sita: Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, na Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Ukisema punguzo ni la kila mkaazi wa kaunti, karibu kila gari linaloingia mjini siku ya kazi litastahili, na punguzo litakuwa limekufa. Hiyo ni bei ya kawaida iliyobadilishwa jina, na kilichoongezwa ni faini kwa watu wa Kilifi na Kwale na wageni wa Desemba wanaoshuka kutoka bara. Ukisema ni la Mvita pekee, mtu wa Likoni anayevuka feri kila siku atakuuliza swali zito. Waendao kwa miguu hawalipi feri, lakini yeye gari lake analilipia, kisha akifika kisiwani alipe maegesho bei kamili huku jirani wa Kizingo, ambaye pengine ana magari matatu, akilipa nusu. Ukisema ni la mtaa unaozunguka jengo, haki inakaribia ile ya kiti cha ami, lakini unahitaji ramani na mtu wa kubishana na aliyekaa upande wa pili wa barabara.

Mimi ningechukua mtaa. Gari moja kwa nyumba, usiku tu, na kadi inayokufa kila mwaka ili aliyehama asiendelee kuila. Bila tarehe ya kufa, kadi za namna hii hurithiwa, huazimwa, na mwisho hukodishwa kwa watu wa ofisini.

Kisheria mambo hayana mafumbo mengi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti usafiri wa kaunti na maegesho, na kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Ada hizo huingia katika mswada wa fedha unaopelekwa bunge la kaunti, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Kwa hivyo punguzo katika kiwanja cha kaunti linatakiwa liandikwe humo, siyo kutamkwa na afisa mkutanoni. Jengo la mtu binafsi ni tofauti. Mwenyewe anaweza kumpunguzia amtakaye kama muuza kanga wa Biashara Street anavyomkatia bei mteja wake.

Limebaki jambo moja ambalo wapangaji hulisahau, na mimi naona ndilo linalouwa mipango hii. Mshindani wa jengo la maegesho ni barabara iliyo nje yake. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake ya kazi kueleza kwamba nafasi ya barabarani ikiwa bure au rahisi mno, watu watazunguka na kuzunguka wakiitafuta, huku jengo la jirani likiwa na nafasi. Shauri lake lilikuwa bei ya barabarani ipangwe mpaka ibaki nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa, yaani karibu asilimia 85 zijae na si zaidi. Mwenye haraka apate pa kusimama, mwenye kulaza gari asukumwe ndani.

Kisiwani kwetu maegesho mengi ni hayo ya kando ya barabara na viwanja vya wazi. Basi hata likijengwa jengo zuri na mkaazi akapewa nusu bei, atapima nusu bei hiyo na bure ya mlangoni pake, pamoja na mwendo wa dakika saba usiku akiwa na mtoto mabegani amelala.

Nilimweleza ami haya yote jioni moja barazani, kahawa ikipita. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia tuseme mia kwa usiku.

"Mia kwa usiku?" Akakitazama kile kiti. "Hiki nilikinunua mia tatu, na huu mwaka wa nne."