Tunapopita kaya kwa kaya hatukagui vyoo

Kila maandalizi ya mpango wa afya yanapoanza, malalamiko ni yale yale. Kwa nini hospitali itume watu majumbani na madodoso ya kutathmini mahitaji ya afya, ilhali wagonjwa wanajileta wenyewe na dawa ndizo hazitoshi? Wengine husema ni watu wa kodi, wengine ni orodha ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, na wapo wanaoamini tunatafuta damu. La damu sitalijibu.

Kweli, hospitali ina takwimu nyingi. Anayefika huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za afya: wagonjwa wa nje kitabu namba 5, wajawazito namba 6, wanaojifungua namba 12, kisha taarifa za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu wa kompyuta. Lakini vitabu hivyo vinamjua aliyefika tu. Mama kahudhuria kliniki mara nne, kitabu namba 12 hayumo. Kajifungulia wapi? Pengine kwa mama yake kijiji cha pili, pengine Hospitali ya Benjamin Mkapa, pengine nyumbani kwa mkunga wa jadi. Kitabu hakisemi.

Hivyo tunaanza kwa kulinganisha. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Kutokana na sensa hukadiriwa wajawazito na watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaotarajiwa katika eneo la kila zahanati. Waliochanjwa wakiwa pungufu sana ya waliotarajiwa, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, hawezi kutuambia kwamba kwake shwari. Inawezekana wafugaji wamehama na ng'ombe kiangazi hiki, inawezekana chanjo iliisha. Lazima mtu aende akaulize.

Chukulia vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho. Ugonjwa huu umesumbua Kongwa na maeneo mengine ya mkoa wetu kwa miaka mingi. Bibi ambaye kope zimejikunja zikawa zinakwaruza mboni haji hospitali, kwa sababu nyumbani wameshaamua kuwa ni macho ya uzee. Anakaa kivulini, anang'oa kope kwa kibanio, mjukuu anamwongoza kwenda msalani. Upasuaji wa kope hizo ni mdogo na hauhitaji kulazwa siku nyingi. Kwenye takwimu zetu bibi huyo hayupo, na asiyekuwapo hapangiwi bajeti.

Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu kwenye nafaka, mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwamo. Wodini kilichoonekana ni macho ya njano, tumbo kujaa na kutapika. Chanzo kilikuwa ghalani, kwenye mahindi yaliyoota kuvu. Ndiyo sababu dodoso linauliza mahindi na karanga mnakausha wapi na kuhifadhi wapi. Si umbea.

Sasa choo. Swali la choo halina faini. Narudia, halina faini. Ukaguzi wa usafi wa mazingira ni kazi ya afisa afya, hufanyika kwa utaratibu wake na kwa sheria ndogo za halmashauri. Vivyo hivyo kujifungulia nyumbani: najua baadhi ya vijiji vimejiwekea faini, na matokeo yake akina mama wanatudanganya kwa uso mkavu kabisa. Siwalaumu sana. Ila takwimu hiyo ya uongo ndiyo inayowanyima chumba cha kusubiria kujifungua.

Majibu yako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mhudumu anayetoa siri ya kaya anatenda kosa. Unaweza kumlalamikia kwa mganga mfawidhi au moja kwa moja kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye mamlaka ya kuchunguza na kuadhibu. Andika tarehe na jina la mhudumu. Malalamiko ya "yule dada mweupe" hayachunguziki.

Kuna walioniuliza kama nchi nyingine hufanya hivi. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2010, hospitali zisizotengeneza faida lazima zifanye tathmini hii kila baada ya miaka 3, na inayokaidi hutozwa dola 50,000. Kwetu imo ndani ya mpango wa kila mwaka, na utaratibu wake ndio watu wanaupuuza. Hoja hutoka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hupelekwa kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambako shida hupangwa kwa ukubwa wake, madhara yake na uwezekano wa kuitatua kwa fedha iliyopo. Kisha huingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini ukija na hoja Mei umechelewa. Vipaumbele hufungwa miezi mingi kabla. Kwenye mikutano hiyo wanakuja wazee wachache na mwenyekiti, kisha mwaka mzima tunasikia hospitali haijui shida za watu.

Si kila hoja hupita. Gari la wagonjwa huombwa karibu kila kijiji, na fedha ya kituo haiwezi kulinunua. Anayetaka kujua hoja ya kijiji chake iliishia wapi amuulize katibu wa kamati, ambaye ni mganga mfawidhi mwenyewe. Muhtasari wa kikao anao, aombwe auonyeshe.