Kwa nini kiberenge hupakwa njano, na kwa nini njano peke yake haitoshi

Siku moja jua linapokaribia kuzama, tundika nje vitambaa viwili, kimoja chekundu na kimoja cha njano, kisha ukae uvitazame giza linavyoingia. Mchana kutwa chekundu ndicho kilichokuwa kinawaka. Giza likikolea kitakuwa karibu cheusi, ilhali cha njano bado unakiona. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně aligundua jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, na sababu yake imo ndani ya jicho. Seli tunazozitumia mchana hupokea vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, yaani kijani kinachoelekea njano. Zile za gizani hupendelea nanomita 507 hivi, yaani kijani kinachoelekea buluu, na wekundu karibu haziuoni kabisa.

Ndiyo maana viberenge (vyombo vidogo vya reli vinavyobeba mafundi na vifaa vyao), mashine za kushindilia kokoto na mitambo mingine ya kutengeneza njia ya reli hupakwa njano katika nchi nyingi. Mitambo ya Plasser & Theurer ya Austria inatambulika kwa rangi hiyo, na treni ya Japani ya kukagua njia za Shinkansen, yaani treni za mwendo kasi, ilipata jina la Doctor Yellow (Daktari wa Njano) kwa ajili yake. Uingereza nako, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vichwa vya treni vya dizeli na vya umeme vilianza kupakwa bamba la njano usoni, kwa kuwa vilikuwa vinakuja kimya kuliko vile vya mvuke na mafundi waliokuwa njiani walichelewa kuving'amua.

Nyekundu ina tatizo jingine: kwenye reli tayari ina kazi. Ni rangi ya kusimamisha. Isitoshe, kati ya watu wenye asili ya Ulaya, wanaume wapatao 8 katika kila 100 wana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Njano iliyokaa juu ya nyeusi huonekana hata kwao, kwa sababu tofauti yake ni ya mwangaza, si ya rangi tu.

Mafundi wenyewe ni habari nyingine. Mwaka 1964 reli ya Uingereza ilianza kuwajaribisha mafundi wa njia, huko Glasgow, vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka, na hadi leo chungwa ndiyo rangi yao. Mimi naiona faida yake kila ninapokwenda kukagua kazi: fundi aliyesimama mbele ya mashine ya njano hapotei ndani yake. Angevaa njano, dereva angemwona kama kipande cha mtambo.

Hayo yote ni ya mchana na jioni. Sehemu kubwa ya ukarabati wa reli hufanyika usiku, treni za abiria zikiwa zimepungua, na gizani rangi iliyopakwa vizuri kabisa haina msaada mkubwa kama hakuna mwanga unaoiangukia. Hata rangi ile inayowaka, ambayo hugeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana, usiku huwa kama rangi nyingine yoyote. Hapo ndipo vibandiko vya riflekta vinapohitajika. Ndani yake mna punje ndogo za kioo au pembe ndogo mno, na kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ukitaka kuelewa, simama hatua 30 kutoka kwenye kibandiko, shika tochi pembeni ya jicho: kitawaka kama taa. Sasa nyoosha mkono pembeni, tochi ikae mbali na uso wako. Mng'ao unafifia, ingawa mwanga unaokipiga ni ule ule. Kwa hiyo dereva wa gari hukiona vizuri kwa sababu taa zake ziko karibu na macho yake. Mtembea kwa miguu asiye na tochi hakioni kikiwaka hata kidogo. Yeye anategemea taa za chombo chenyewe.

Kibandiko kinabandikwa wapi? Hili ndilo ninalogombana nalo zaidi kuliko rangi. Taa moja gizani haikuambii iko umbali gani wala ni ya kitu kikubwa kiasi gani. Inaweza kuwa baiskeli iliyo karibu au mtambo wa tani 50 ulio mbali. Lakini riflekta zikifuata kingo za chombo, juu, chini na pembeni, jicho hupata umbo, na umbo ndilo linalolipa jicho namna ya kukadiria umbali. Ubavu usisahauliwe. Marekani iliweka kanuni mwaka 2005 ya kubandika riflekta za njano au nyeupe ubavuni mwa vichwa vya treni na mabehewa ya mizigo, kwa sababu madereva wa magari walikuwa wanaligonga ubavuni treni ambalo tayari limeziba barabara. Michirizi ya njano na nyeusi nayo iwekwe pale panapochomoza au panapobana: ncha ya mkono wa kreni, ngazi, kona za bamba. Nimewahi kukagua mtambo uliochorwa michirizi mwili mzima. Kwa mbali sikuweza kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi, umbo lote lilikuwa limevunjikavunjika.

Halafu kuna uchafu. Kushindilia kokoto kunatimua vumbi la kijivu, vumbi hilo hukutana na grisi na kuganda. Nilipitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye kibandiko kimoja kilichosemwa kwamba kimekufa na kinahitaji kubadilishwa. Pale kitambaa kilipopita, tochi ilirudisha mng'ao mweupe mkali. Pembeni yake, sentimita chache tu, palikuwa kama ubao wa zamani. Kibandiko hakikufa, kilikuwa hakijaoshwa. Kufuta riflekta kunafaa kuwa kwenye orodha ya ukaguzi wa kila zamu, sambamba na kupima mafuta na kujaribu breki.

Kwa wewe unayevuka reli, kuna jambo moja la kushika zaidi ya rangi zote hizi. Vivuko vingi vyenye taa na vizuizi hujiendesha kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita kwenye reli: magurudumu na ekseli za treni huziunganisha reli mbili, na kengele inaanza kulia. Kiberenge chepesi kinaweza kushindwa kuuamsha mfumo huo, na vingine magurudumu yake yametengwa na umeme kwa makusudi. Kizuizi kinaweza kuwa juu, taa zimezimwa, na kiberenge kinakuja. Nacho hakifuati ratiba ya abiria na huenda upande wowote. Kabla ya kuvuka tazama kushoto na kulia wewe mwenyewe, hata kama treni unalolijua limeshapita. Ukiona kiberenge au mtambo wa njano umepita, subiri, kwa kuwa mara nyingi huongozana, na cha pili huwa kimefichwa na cha kwanza.