Mtutu wa bunduki nyepesi ya milimani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwindaji anayefuata kondoo mwitu kwenye milima ya Alaska au Rocky Mountains hupanda toka alfajiri, bunduki begani, na jioni huenda akawa amefyatua risasi moja tu. Siku nyingi hafyatui hata moja. Ushauri wowote kuhusu mtutu wa bunduki yake ningependa upimwe kwa siku ya namna hiyo, maana mengi yanayorudiwa juu ya unene wa mitutu yalizaliwa kwenye viwanja vya shabaha, mahali ambapo mtu hukaa mezani na kupiga risasi ishirini mfululizo.

Dhana: mtutu mwembamba hauna shabaha

Shabaha hutoka kwenye tundu la mtutu lililochongwa vizuri, chemba (sehemu ya nyuma inayokaa risasi) iliyonyooka na tundu hilo, na mdomo wa mtutu usio na kasoro. Mtutu mwembamba unaweza kuwa na vyote hivyo. Udhaifu wake uko kwingine: hutikisika zaidi risasi inapopita, na hupata joto upesi. Chuma kilichobaki na mkazo ndani yake tangu kilipotengenezwa hujipinda kidogo kikipata joto, na hapo risasi ya nne au ya tano huanza kuhama. Mtutu ulioondolewa mkazo huo vizuri kiwandani huhama kidogo sana.

Kwa mwindaji, risasi yenye maana ni ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Kwa hiyo usiupime mtutu wako kwa risasi kumi za haraka. Piga moja asubuhi, ifunge bunduki, rudi kesho upige nyingine kwenye karatasi ileile. Baada ya siku tano karatasi hiyo itakuambia ukweli wa bunduki yako kuliko kundi lolote la risasi ulilolipiga kwa dakika mbili.

Dhana: ukitaka wepesi, punguza unene

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, na ndipo ningependa msomaji atulie. Kabla ya kuuliza unene, uliza urefu.

Ukakamavu wa mtutu hupanda na kushuka kwa kipeo cha nne cha unene wake. Chukua mtutu wa .308 (aina ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.308) wenye unene wa milimita 15, uongeze ufike 17: ukakamavu hupanda kwa takriban asilimia 70, ilhali uzito wa sehemu hiyo hupanda kwa asilimia 39 hivi. Milimita mbili tu! Ukizipunguza badala ya kuziongeza, hesabu hiyohiyo inakugeukia.

Urefu nao hufanya kazi kwa kipeo cha tatu. Mtutu wa inchi 24 ukikatwa ukabaki 20, kiasi cha kupinda kwa mzigo uleule hupungua kwa asilimia 40 na zaidi. Kama mdomo wake una unene wa milimita 15, umeondoa pia gramu 110 hivi, tena zile za mbele kabisa, ambazo mkono wa kushoto ndio unaozihisi. Bunduki imekuwa fupi, nyepesi na kakamavu zaidi kwa mkato mmoja.

Gharama yake ni kasi. Kwa .308, kila inchi inayoondoka huchukua mita 6 hadi 9 kwa sekunde, kwa hiyo inchi nne ni kama mita 30. Kwa mnyama aliye mita 250, hiyo ni tofauti ya kushuka kwa sentimita chache. Risasi za magnum, zenye baruti nyingi, hupoteza zaidi na mlio wake katika mtutu mfupi huumiza masikio. Kwa hizo ningebaki na inchi 22 au 24. Na kwa walio Marekani: bunduki ya mtutu wenye michirizi (mistari inayozunguka ndani ya tundu) ulio chini ya inchi 16 huingia kwenye kundi linalotaka usajili wa pekee wa serikali ya shirikisho, kwa hiyo usikate kiholela.

Bunduki fupi nyepesi si uvumbuzi wa juzi. Kabini (bunduki fupi) ya Mannlicher-Schönauer ya 1903, iliyotengenezwa Steyr huko Austria, ilikuwa na mtutu wa sentimita 45 hivi. Bunduki za aina hiyo, za tundu la milimita 6.5, zilifika hadi Afrika Mashariki. Mwindaji W. D. M. Bell, yule aliyepewa jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya Uganda, alikuwa miongoni mwa waliozitumia, kwa kuwa alitembea mno na alijua uzito wa kila kitu alichobeba.

Dhana: mifereji ya nje huukaza mtutu

La. Ukichonga mifereji umeondoa chuma, na mtutu ulioondolewa chuma hauwezi kuwa mkakamavu kuliko ulivyokuwa kabla. Kilicho kweli ni kwamba mtutu wenye mifereji humshinda kwa ukakamavu mwenzake laini wenye uzito sawa, kwa kuwa huo wenye mifereji ndio mnene zaidi. Wauzaji huusema ukweli huu nusu tu. Kuhusu joto, mifereji huongeza eneo la kupoa, lakini chuma kilichopungua pia hupata moto upesi.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya kaboni: kwamba mtutu uliofungwa nyuzi za kaboni ndio mwepesi kuliko yote. Ni mwepesi kuliko mtutu wa chuma tupu wenye unene kama wake. Ukiuweka kwenye mizani pamoja na mtutu mwembamba wa chuma, mara nyingi wa chuma ndio mwepesi zaidi, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile. Kaboni inamfaa anayetaka kupiga risasi nyingi za mbali na bado apande mlima.

Dhana: namba ya umbo ni ileile kila mahali

Watengenezaji hutaja umbo la nje la mtutu kwa namba, namba 1, namba 2, namba 3, na kila mmoja ana zake. Namba 2 ya huyu yaweza kuwa namba 3 ya yule. Agiza kwa milimita: unene kwenye chemba, mahali unapoanza kupungua, unene wa mdomo, na uzito wa mtutu uliomalizika. Zaidi ya hapo, umbo moja halina uzito mmoja. Tundu dogo huacha chuma kingi, hivyo mtutu wa 6.5 wa sentimita 56 huzidi wa .308 wenye umbo lilelile kwa gramu 55 hivi. Watu wengi hutarajia kinyume.

Fikiria pia kifaa cha kupunguza mlio kabla hujaagiza. Hesi ni nyuzi za skrubu zinazochongwa mdomoni ili kukishika; Ulaya hesi za M14x1 na M15x1 ni za kawaida, Marekani hutumika sana ya inchi 5/8. Mdomo wa milimita 14 hauwezi kubeba hesi ya inchi 5/8, ambayo ni karibu milimita 16, na bado inahitaji bega, yaani ukingo mnene, nyuma yake. Kwa .308 ya inchi 20 mimi ningeagiza mdomo wa milimita 17 au 18 bila mifereji. Uzito huo mdogo wa mbele huituliza bunduki pale kifua kinapopanda na kushuka baada ya mwinuko mkali.

Dhana: mtutu mwembamba unaweza kupasuka

Shinikizo kubwa kabisa, ambalo kwa .308 limewekewa kikomo cha bari 4150 katika viwango vya Ulaya, liko kwenye chemba na sentimita chache mbele yake. Hapo mtengenezaji makini hapunguzi chuma. Risasi inapofika mdomoni shinikizo limeshuka likabaki sehemu ndogo tu. Kinachopasua mitutu, minene kwa myembamba, ni kitu kilichoziba tundu: tope, theluji, kitambaa kilichosahaulika baada ya kusafisha. Ukiteleza na mdomo ukagusa ardhi, toa risasi, fungua, chungulia. Na kabla ya kuanza kupanda, bandika kipande cha utepe mwembamba mdomoni. Hewa inayosukumwa mbele ya risasi huubandua utepe huo kabla risasi haijaufikia.