Geuza Ukingo Kwanza: Kutambua Nishani, Rupia na Singe Halisi

Kwenye meza za vyuma chakavu Mwanjelwa, na kwa wauza vitu vya kale mjini Iringa, maelezo hutangulia kitu chenyewe. "Hii ya babu, alipigana Burma." "Hii imetoka Lugalo kabisa." Mimi maelezo nayasikiliza kwa adabu, kisha nakiomba kitu, nakigeuza na kutazama ukingo. Mwigaji hutumia akili yake yote kwenye uso, kwa kuwa ndiko mnunuzi anakotazama. Ukingo, mgongo na viungio huviacha vilivyo.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba vita vilipita kweli. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, likaichukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti. Vita vya Pili vijana wetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walipelekwa Abisinia, wengine Burma. Kwa hiyo vitu halisi vipo majumbani, na hilo ndilo linalomsaidia muuza bandia: habari yake inaingia akilini.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Kioo cha kukuzia mara kumi, sumaku ndogo, kalipa ya kupima hadi sehemu ya kumi ya milimita, na mizani inayosoma gramu 0.01. Mizani usiponunua, sonara anayo, na wa Chunya au Makambako hatashangaa ukimwomba.

Jambo la kwanza kujifunza ni tofauti ya kitu kilichogongwa na kilichomiminwa. Nishani na sarafu za serikali ziligongwa: bamba la madini liliwekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu na kukandamizwa kwa nguvu nyingi. Uso wa namna hiyo ni laini, na herufi zinasimama wima zenye kona kali. Bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kukandamiza nishani halisi. Madini yakipoa yanasinyaa, hivyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Hewa iliyonaswa huacha vitundu kama vya sindano, hasa mabondeni kati ya herufi. Mahali kalibu mbili zilipokutana hubaki mshono unaozunguka ukingo. Fundi akiujua mshono ataupiga tupa, na alama za tupa zinazokwenda upande mmoja kwenye ukingo wa nishani ni jibu tosha.

Kuchakaa nako kuna utaratibu wake. Nishani iliyovaliwa ilipigana na jirani yake kifuani, kwa hiyo hulika kwenye pua, nywele na ukingo, huku mabonde yakibaki makali. Ukiona uso mzima umefifia sawasawa, juu na chini, huo si uzee. Kalibu ilishindwa kuchukua maelezo.

Sasa nishani zenyewe. Za Waingereza za Vita vya Kwanza zinazopatikana zaidi ni mbili, zote zenye kipenyo cha milimita 36. Ya fedha ina kichwa cha George V upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi na miaka 1914 na 1918. Ya shaba ina malaika wa ushindi mwenye mabawa. Zote ziligongwa namba, cheo, jina na kikosi ukingoni. Tazama herufi hizo kwa kioo: zilizogongwa zinaonekana zimezama, na madini yamevimba kidogo pembeni mwake. Zilizochongwa kwa ncha zina mfereji wenye mikwaruzo ndani. Jina la kuchongwa kwenye nishani hizi linatia shaka.

Ujanja mbaya zaidi ni nishani halisi iliyobadilishwa jina. Mtu huchukua ya mpagazi au dereva, hufuta ukingo, hugonga jina la kikosi kinacholipa. Fedha ni halisi, uso ni halisi, sumaku na mizani havisemi kitu. Hapo kalipa ndiyo mwamuzi: pima kipenyo sehemu nne au tano kuzunguka. Ukipata 36.0 juu na chini, kisha 35.6 pale jina lilipo, ukingo umesuguliwa. Ushikilie pia usawa wa jicho dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona umetambarika au una mawimbi.

Kuna halisi inayokataliwa na wageni wa fani hii. Ukikuta nishani ya ushindi ambayo maandishi ya nyuma ni Kiingereza pamoja na Kiholanzi, usicheke. Afrika Kusini ilitoa ya lugha mbili, na wanajeshi wake walikuwa na Northey huku huku.

Za Vita vya Pili ni ngumu zaidi. Uingereza ilizitoa bila majina, kwa hiyo ukingo mtupu hauthibitishi wala haukanushi. Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma zina upana wa takriban milimita 38 na urefu wa 44, ncha sita, mgongo mtupu. Angalia maandishi ya duara la katikati: taji na herufi zisomeke bila kubahatisha. Nakala nyingi zilitengenezwa kihalali, kwa familia zilizopoteza za kwao, na zingine ziligongwa neno la kuonyesha kuwa ni nakala. Ukiona doa lililosuguliwa mgongoni au ukingoni, jiulize nini kilikuwa pale. Utepe usikuhangaishe sana, maana nishani halisi hubadilishiwa utepe. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hugeuka jivu, nailoni huyeyuka na kufanya kishanga kigumu.

Msalaba wa Chuma wa Mjerumani wa 1914 una kipimo kizuri. Halisi wa kawaida ni vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kimebanwa kati ya nusu mbili za fremu ya fedha. Sumaku hushika katikati. Pembeni, kwa kioo, utaona mstari mwembamba mahali nusu hizo zilipounganishwa. Bandia humiminwa kipande kimoja, halafu rangi nyeusi ikapakwa katikati na nyeupe pembeni. Zipo halali chache zenye kiini kisichoshika sumaku, lakini anayeanza asianzie huko.

Rupia ya wakati wa Mjerumani inastahili nafasi kwa kuwa askari walilipwa kwa hiyo, na kwa kuwa ndiyo inayotapeli watu wengi. Maneno ya rupia yenye nguvu za ajabu yaache yalivyo. Rupia moja ina kipenyo cha milimita 30, gramu 11.66, na fedha asilimia 91.7. Yenye simba na mnazi na jina la kampuni ya Wajerumani iligongwa 1890 hadi 1902. Kuanzia 1904 sura ya nyuma ilibadilika, na herufi A au J ikaonyesha kiwanda. Simba wa kampuni akiwa na mwaka 1905, rudisha.

Uzito pekee unaweza kuigwa, kwa hiyo pima pamoja na maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga rupia kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, hakikisha hakuna povu lililoganda. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa rupia kwa namba hiyo. Halisi: 11.66 gawanya kwa 1.13 ni kama 10.3. Shaba nyeupe ya kuigiza itakupa chini ya 9. Kipimo hiki hiki kinaangusha dhahabu ya Tabora ya 1916, ile ya rupia 15 yenye tembo na herufi T. Halisi ina gramu 7.17, na jibu lake ni karibu 15. Shaba ya njano iliyochovywa haifiki 9.

Singe ya Kijerumani, kile kisu cha kuchomeka kwenye mtutu wa bunduki, tazama mgongo wa bapa karibu na mpini: taji, herufi, mara nyingi W, na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 88 au 16. Kisha tafuta makosa ya karne: skrubu ya nyota ni ya miaka ya 1930, mistari ya grainda ni ya juzi, na kiungio kilichochomelewa kwa umeme chenye matone pembeni hakina kazi hapo. Mkuki unaoitwa wa Mkwawa mara nyingi ni springi ya gari. Chuma cha tanuru la kale kina nyuzi na mistari ya taka ndani. Springi ni sawia mwanzo hadi mwisho.

Kutu ya kulazimishwa, ya tindikali au mbolea, ni ya rangi ya chungwa, unga unaotoka kidoleni, na imesambaa sawasawa. Ya miaka ni kahawia nzito, imeshikana na chuma, na haipo pale mkono ulipokuwa ukishika. Utando wa rangi ya viatu utautambua kwa pamba yenye kiondoa rangi ya kucha: ukitoka mweusi na chini pakawa panang'aa, umepata.

Kabla ya kulipa, pita makumbusho ya Kalenga au ya Boma la Iringa ukazoeshe jicho. Kuchimba uwanja wa vita au kusafirisha mali kale nje bila kibali kunakataliwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na bunduki, hata iliyooza, iko chini ya sheria ya silaha ya 2015. Risasi au bomu ambalo halijalipuka usilibebe kwenda kupima popote. Liache hapo hapo, ita polisi. Na ukishanunua, brasso iweke mbali. Ukisugua nishani ing'ae, umefuta ile rangi ya miaka ambayo mnunuzi wako ataitafuta kwa kioo, na bei inashuka hapo hapo.